Vazi la shujaa kwa siku moja na nusu: champali za ufuoni Chale zilivyogeuka gamba la kasa

Jumatano moja ya mwezi wa Julai, saa kumi na moja jioni, mtoto wa kakangu alisimama mlangoni pangu na mkoba mgongoni, uso kama wa mtu aliyepoteza pesa za kutumwa dukani.

"Shangazi, Ijumaa tumeambiwa twende shule na nguo za shujaa. Mimi nataka kuwa Spider-Man."

Nikamuuliza walitangaziwa lini. Akasema Jumatatu, ila karatasi aliisahau ndani ya daftari. Nikamuuliza babake amesemaje. Akatazama chini. "Baba amesema Ijumaa nisiende."

Sikuhitaji kueleezwa zaidi. Kakangu ni mvuvi, na Julai ni kusi. Bahari ya nje haiendeki, ngalawa iko juu ya mchanga, na kinachopatikana kwa ndani ni cha kitoweo tu. Vazi la dukani, ukilipata Ukunda, linakuomba zaidi ya shilingi elfu mbili kwa kitu cha kuvaliwa asubuhi moja. Mwaka jana, siku kama hiyo, mtoto alibaki nyumbani kweli. Jumatatu yake wenzake walimsimulia mchana kutwa nani alivaa nini, na jioni alirudi hana neno. Sikutaka yarudi tena.

Naandika haya kwa kuwa najua si nyumba yetu peke yake. Tangu mtaala wa umilisi, huu tuliouzoea kwa jina la CBC, uanze rasmi katika madarasa ya chini mwaka 2019, mzazi hutumwa leo manila, kesho mbegu, kesho kutwa vazi. Mimi nina charahani ya miguu na vibarua vya kushona, si fundi mkubwa. Nitaeleza tulivyofanya, pamoja na pale tulipokosea, ili ukiletewa habari kama hii usiku usiwe na haja ya kumficha mtoto nyumbani.

Chagua shujaa kabla ya kushika mkasi

Kosa la kwanza tunalofanya ni kuanza na shujaa wa dukani halafu kuhangaika kumwiga. Nguo ya Spider-Man inabana mwili mzima, kwa hiyo inataka kitambaa cha kuvutika. Kitambaa hicho kinataka mshono wa kwenda upande upande, ule wa zigizaga. Charahani yangu inashona mstari ulionyooka tu. Ukishona kitambaa cha kuvutika kwa mstari ulionyooka, uzi hukatika mara mtoto anapochuchumaa, na aibu yake ni kubwa kuliko ya kutokuwa na vazi. Bado hujachora utando wa buibui. Kwa siku moja na nusu, hiyo haiwezekani.

Nilimwambia jambo moja ambalo hakulijua: Spider-Man, aliyeanza kuchapishwa Marekani mwaka 1962, katika hadithi yenyewe ni mwanafunzi asiye na pesa aliyejishonea nguo nyumbani. Akacheka kidogo. Nikamuuliza, "Basi hapa Chale kwetu shujaa ni nani?"

Kwanza alisema atavaa nguo nyeusi kama za kuingilia kaya. Mamangu alikuwa jikoni akasikia. "Hizo si za kuchezea, mjukuu wangu." Na alisema kweli. Kaya Kinondo ni mojawapo ya kaya za Mijikenda zilizoandikishwa na UNESCO mwaka 2008, na hata mgeni anayeingia hufungwa shuka nyeusi kwa heshima. Chale yenyewe ina kaya yake kisiwani. Vazi la ibada si vazi la mchezo, na mtoto anafaa kuujua mpaka huo mapema.

Akafikiri tena. "Kasa," akasema. Aliwahi kumwona babake akimfungua kasa aliyenasa katika nyavu na kumrudisha majini, na kisa hicho hachoki kukisimulia. Hapo nikajua tumepata. Maji yetu kuanzia Diani hadi Chale ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1995, na aina 5 za kasa hupatikana katika bahari ya Kenya. Na kama wenzake wangesema kasa si shujaa, alikuwa na jibu: wale kobe wanne wapiganaji, Ninja Turtles, waliobuniwa na Wamarekani wawili, Kevin Eastman na Peter Laird, mwaka 1984. Barakoa yao ni utepe wa kitambaa wenye matundu mawili, basi. Hakuna barakoa ya shujaa iliyo rahisi zaidi.

Kwa hiyo kanuni ni hii: chagua shujaa anayetambulika kwa kitu kimoja kikubwa. Kasa ni gamba lake. Gamba likitoka vizuri, kilichobaki ni fulana na kaptula za nyumbani. Saa zako zote zipeleke kwenye kile kitu kimoja.

Malighafi ililetwa na kusi

Jioni ile ile, kabla ya Maghrib, maji yalikuwa yametoka. Tukashuka ufuoni na gunia. Kila anayeishi huku anajua kusi inavyotupa mwani juu ya mchanga, na ndani ya mwani chupa, vifuniko, vipande vya kamba, na champali za mpira, au patapata kama wengine wanavyoziita. Tuliokota 19, na hakuna hata mbili zilizokuwa jozi moja.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo pesa zinapookolewa. Champali nyingi za bei nafuu hutengenezwa kwa mpira mwepesi wenye povu ndani, unaojulikana kama EVA. Watu wa ng'ambo wanaoshona mavazi ya mashujaa kama kazi hununua mpira wa aina hiyo hiyo ukiwa shuka shuka, kwa sababu unakatika kwa kisu, unakunjika kwa joto, unashika gundi na hauna uzito. Sisi unaletwa na bahari mpaka mlangoni. Wala si sisi wa kwanza kuona thamani yake. Mafundi wa Lamu walitengeneza jahazi la Flipflopi kwa takriban tani 10 za plastiki iliyotumika, wakalivika champali zipatazo 30,000, na mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Ikiwa zinavika jahazi, mgongo wa mtoto wa miaka tisa hauzishindi.

Usiku ule tulizisugua kwa sabuni na brashi. Usiruke hatua hii. Chumvi, mchanga na mafuta yakibaki, gundi haishiki. Tukazianika ukutani, na upepo wa kusi ukazikausha kufikia asubuhi.

Kukata vigae na kuinua gamba

Alhamisi, mtoto akiwa shule, nilianza na msingi wa gamba. Chukua katoni mbili ngumu. Kata duara refu kama yai, kuanzia mabegani hadi kiunoni mwa mtoto. Letu lilikuwa sentimita 45 kwa 38. Zibandike moja juu ya nyingine, huku mistari ya ndani ya katoni ikipishana, moja ikienda wima na nyingine mlalo. Zikipishana hivyo hazikunjiki ovyo.

Lakini gamba la kasa si sahani, lina mwinuko. Kata mipasuko 8 kuzunguka ukingo, kila mmoja wa sentimita 4 kwenda ndani. Kisha vuta midomo ya kila mpasuko ipandiane kwa sentimita 2, uigundishe. Utaona katoni inajiinua yenyewe kama bakuli lililofunikwa. Juu yake nilivisha kipande cha kitambaa cha kaki kilichobaki kwenye kazi ya watu.

Vigae navyo vina hesabu yake. Kasa wa kijani ana vigae vikubwa 13 mgongoni: 5 vimepangana katikati kutoka shingoni hadi mkiani, na 4 kila upande. Vile vidogo vya ukingoni tuliviacha, nikazungushia mkanda wa gunia badala yake. Chora kwanza vigae vyote kwenye gazeti, uvikate, uvipange juu ya gamba uone vinatosha, kisha ndipo uvihamishe kwenye champali. Champali ya mtu mzima hutoa vigae viwili vya wastani ukiyakwepa matundu ya mikanda.

Tumia kisu kikali na uvute mara moja kwa mkono mrefu. Ukikata kama unayepasua mkate, ukingo hutoka na meno. Ukingo uliokataa kunyooka usugue kwenye sakafu ya saruji yenye mikwaruzo, utakuwa laini. Vigae vya pembeni vinavyotakiwa kujipinda nilivitia katika maji ya moto kwa dakika moja, nikavitoa kwa mwiko na kuvibana juu ya mgongo wa sufuria hadi vikapoa. Vikishapoa vinabaki na umbo hilo. Kisu na maji ya moto ni kazi ya mtu mzima. Mtoto apewe kupanga rangi.

Na kuhusu rangi, tulibishana. Yeye alitaka gamba zima liwe kijani. Nikamweleza kwamba mpira huu hunywa rangi kama mchanga unavyokunywa maji. Ukitaka rangi ikae, lazima kwanza uupake gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, mara mbili au tatu, na kila mara ungoje ikauke. Muda huo hatukuwa nao. Tukaamua vigae vibaki na rangi vilizotoka nazo baharini: buluu, kijani, waridi iliyopauka, kimoja cha manjano. Leo naona hata tungekuwa na wiki nzima nisingepaka.

Gundi, na saa moja niliyoipoteza

Gundi niliyotumia ni ile ya fundi viatu. Wengi huipaka upande mmoja na kubandika ikiwa mbichi, kisha wanailaumu. Paka pande zote mbili, kigae na kitambaa. Ngoja dakika 10 hadi 15, mpaka ukigusa kwa kidole isikushike. Hapo ndipo ubandike na kubonyeza kwa nguvu. Ikishashika haisogei tena, kwa hiyo lenga kabla ya kushusha. Fanya kazi hiyo nje kwenye upepo, mbali na jiko, kwa kuwa harufu yake huumiza kichwa na mvuke wake hushika moto.

Kosa langu lilikuwa hili. Nilianza kubandika kutoka ukingoni kwenda ndani. Nilipofika katikati, vigae vitano vya uti havikutoshea, nafasi imebaki nyembamba kama mkanda. Ikabidi nivibandue vinne, viwili vikachanika, na saa nzima ikaenda. Anza na vile vitano vya katikati, kisha teremka pembeni. Mwanya ukibaki ukingoni, mkanda wa gunia utauficha. Mwanya wa katikati hauna pa kujificha.

Mshipi wa baba

Usiku wa Alhamisi, saa mbili kasoro, stima ikapotea. Charahani ya miguu haihitaji stima, nikawasha taa ya sola na kuendelea. Nilikuwa nimekata mikanda ya mkoba mkuukuu wa shule ili gamba livaliwe mgongoni kama mkoba wenyewe. Nikaigundisha kwa ndani ya katoni. Mtoto akavaa, akapiga hatua tatu, mkanda wa kushoto ukatoka na ngozi ya katoni.

Wakati huo ndipo kakangu alipokuja kumchukua mtoto akalale. Akasimama mlangoni akitazama lile gamba. Nilitegemea aseme tumepoteza wakati. Akauliza tu, "Shazia iko wapi?"

Nikampa shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia. Akatoa mshipi mfukoni, akatoboa katoni mahali panane, na nyuma ya kila tundu akaweka kipande cha champali kama kitufe ili mshipi usikate katoni. Akafunga kila pahali kwa fundo analofungia nyavu zake. Kazi ya dakika 20. Kisha akamwambia mwanawe aruke mara kumi. Mtoto akaruka mara kumi. Akamwambia ainame, akimbie hadi mlango wa bibi na kurudi. Gamba halikutikisika.

Hakusema neno juu ya Ijumaa. Alipokuwa akitoka alimuuliza mwanawe, "Kesho mnaingia saa ngapi?"

Basi fahamu: gundi ni ya kupamba, uzi ni wa kubeba. Kitu chochote kitakachovutwa na mwili wa mtoto kishonwe. Na kama nyumbani kwenu kuna mtu anayejua nyavu, makuti au viatu, mwite mapema kuliko nilivyomwita mimi.

Barakoa, na mambo ya usalama

Barakoa ilikuwa ya mwisho na ilichukua nusu saa. Utepe wa leso chakavu, upana wa sentimita 9. Ukunje katikati, upime kutoka pua hadi katikati ya jicho, ukate tundu moja kwenye kitambaa kilichokunjwa, ukikunjua unapata mawili yaliyolingana. Tundu liwe kubwa kuliko unavyodhani, mtoto aone anapokanyaga na aone pikipiki inayotoka kando. Nyuma nilishona mpira wa sketi badala ya kufunga fundo, ili ikivutwa ivuke kichwa.

Hilo lihusu hata wale watakaochagua joho la shujaa. Leso moja inatosha kuwa joho na huhitaji hata kuikata, lakini usiifunge shingoni. Ishikize mabegani mwa fulana kwa mishono michache inayoachia ikivutwa. Watoto hukimbia, joho hunasa kwenye mlango au tawi. Hata katika filamu ya katuni ya The Incredibles ya mwaka 2004, fundi wa mashujaa anakataa kabisa kushona majoho, na sababu yake ni hiyo hiyo. Na vazi lolote, liwe la pamba au la nailoni, likae mbali na koroboi na jiko.

Ratiba na gharama

Kwa ufupi, saa zetu zilikwenda hivi. Jumatano jioni: kuchagua shujaa, kuokota, kuosha. Alhamisi asubuhi: msingi wa katoni na vigae vya gazeti. Alhamisi mchana: kukata. Alasiri: gundi. Usiku: mikanda na barakoa. Ijumaa asubuhi sikupanga kazi yoyote ila kuvaa, na hiyo ilikuwa busara, kwa kuwa saa ya mwisho ndiyo ya kutafuta kiatu kilichopotea. Nilichonunua ni gundi na sindano mbili, jumla shilingi 180. Vingine vilikuwa vya nyumbani na vya ufuoni.

Kwa walimu wetu, nasema kwa heshima. Siku ya mashujaa ni jambo jema, na watoto hujifunza. Lakini tupeni wiki moja, na muandike kwenye karatasi kwamba vazi litengenezwe nyumbani, lisinunuliwe. Mstari huo mmoja utawaleta shule watoto ambao kwa sasa wanabaki nyumbani bila ninyi kujua sababu. Mzazi hawezi kuwaandikia kwamba hana elfu mbili. Ataandika kwamba mtoto aliumwa tumbo.

Ijumaa babake ndiye aliyempeleka, kwa miguu, yeye mbele na gamba nyuma. Alirudi saa kumi alasiri na vigae 12 mgongoni, cha kumi na tatu kimo mfukoni. Kilitoka wakati wa mapumziko, wakichezea uwanjani. Akaniambia mwalimu alimwita mbele ya darasa aeleze kwa nini gamba ni la champali. Akawaeleza kwamba kasa humeza plastiki akidhani ni kiwavi cha bahari, kwamba zile champali alizitoa ufuoni kwetu, na kwamba babake alishawahi kumwokoa kasa. Hapo, anasema, ndipo walipoanza kumuuliza maswali.

Nikamwambia akilete kigae, dakika 15 kitakuwa kimerudi. Akasema hapana, baba amesema atakishona mwenyewe.

Gamba sasa liko juu ya msumari nyumbani kwao, na wawili darasani wameshaniuliza kama nashona. Nimewajibu sishoni mpaka waje na champali zao, zimeoshwa. Nawe kama una katoni ngumu nyumbani, usiitupe. Muhula wa tatu unakuja.